Dodoma: Jozi Mkononi, Mvua Mawinguni

Waswahili tunapenda kuambiana, "changa karata zako vizuri". Tunaambiana kazini, kwenye mapenzi, hata kwenye vikao vya ukoo. Lakini hebu fikiri kidogo, mpenzi msomaji. Kuchanga karata ni kuzichanganya tu. Ukishamaliza kuchanga, nani anajua ipi itakaa juu? Usemi wetu unausifia mkono unaochanga, halafu unanyamaza pale penye maumivu: umechanga vizuri, umegawiwa vizuri, umecheza vizuri, na bado umepoteza. Hapo unafanyaje?

Mimi swali hilo nimekwenda kulijibu Dodoma. Najua utashangaa. Watu wakitaka kupumzisha akili huenda Zanzibar, Bagamoyo au Lushoto. Dodoma, wanasema, ni kwa wabunge na watu wa semina. Basi ngoja nikupe Dodoma nyingine, ya karata, karanga na mvua isiyokuja.

MJI UNAOJUA KUSUBIRI

Siku hizi safari yenyewe ni starehe. Treni ya umeme ya SGR, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, inakutoa Dar es Salaam asubuhi na mchana unakula Dodoma. Ukishaipita Morogoro, angalia dirishani. Kijani kinapungua kidogokidogo, udongo unageuka mwekundu, na mibuyu inaanza kujitokeza, mnene na mtupu, kama mzee aliyevua shati kwa joto.

Uko kwenye uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hapa ni ya msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 kama imejisikia. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Cha kuchekesha, wenyeji watakusimulia kwamba jina la mji linatokana na neno la Kigogo "idodomya", mahali palipozama, kwa sababu ya tembo aliyenasa kwenye tope. Nilikwenda mwanzoni mwa Oktoba. Tope? Usiombe.

Mji huu wenyewe ni mchezaji mvumilivu. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973. Watu wakasubiri. Watoto waliozaliwa mwaka ule wakakua, wakaoa, wakapata watoto wao, na wizara bado ziko Dar. Mpaka Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Fikiria kushika karata nzuri kwa miaka 43 bila kuitupa na bila kujiua nayo! Leo ghorofa zimeota mpaka kule ambako zamani kulikuwa pori tupu, lakini kuku wa pale Chako ni Chako bado wanachomwa, na zabibu bado zinauzwa barabarani. Hizo zabibu nazo zina siri: kwenye uwanda huu huu mkame, mzabibu ukitunzwa huvunwa mara mbili kwa mwaka.

KARANGA MEZANI

Nilifikia kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Yeye na mumewe, ambaye kwangu ni shemeji, wanaishi Ipagala na watoto wawili. Jumamosi jioni majirani hukusanyika kibarazani kwao kucheza poka, ile aina ya Texas Hold'em. Shemeji alijifunza akiwa masomoni nje, akarudi nayo.

Tuelewane hapa. Hawachezei hela. Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003, anayechezesha kwa pesa lazima awe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Kibarazani kwa shemeji dau ni karanga mbichi zenye maganda. Kila mtu anaanza na karanga 80. Ukiishiwa, unakwenda kuchemsha chai.

Kanuni ni nyepesi. Kila mchezaji anapewa karata 2 za siri. Watu wanaweka dau au wanatupa karata. Kisha mezani zinafunguliwa karata 3 kwa pamoja, halafu 1, halafu ya mwisho 1, na kila hatua kuna nafasi ya kuongeza dau. Mwenye karata 5 bora, kwa kuchanganya zake na za mezani, anabeba. Au unabeba mapema kama wote wameogopa mkwara wako na kukimbia.

Sasa, ndoto ya kila mchezaji ni kugawiwa jozi. Unafunua kwa siri, unakuta zako zote mbili zinafanana: 8 na 8, Q na Q, au zile za wafalme wa mchezo, ree mbili, yaani A na A. Jozi hupatikana takribani mara 1 katika kila mara 17 unazogawiwa. Ree mbili? Mara 1 katika 221. Ndiyo maana mtu akizipata uso unabadilika hata akijikaza vipi.

JOZI SI NDOA

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma taratibu. Jozi ni mwanzo mzuri tu. Haijakuahidi chochote.

Jozi ndogo, kuanzia 2 mpaka 6, ni kama mchumba mwenye malengo lakini hana kazi bado. Mpe nafasi kama gharama ni ndogo. Unachosubiri ni karata ya tatu inayofanana nazo, na katika zile tatu za kwanza za mezani huja mara 1 tu katika kila mara 8 au 9. Isipokuja na wenzako wanaongeza dau, tupa. Usibembeleze.

Jozi za kati, 7 mpaka 10, zinataka macho. Mezani zikianguka K na Q, ujue kuna mtu huenda anacheka kimoyomoyo.

Jozi kubwa, J mpaka A, weka dau zito mapema ili umati upungue. Umati ndio adui. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda karibu mara 85 katika 100. Waache watu watano wakufuate mpaka mwisho, na ushindi wako unashuka mpaka karibu nusu kwa nusu. Karata ni zilezile, nguvu imeliwa na msongamano. Na mwenye K mbili asijisahau: karibu mara 1 katika kila 4 au 5, ree inatokea kwenye zile tatu za kwanza.

Namba hizi zinasema jambo moja ambalo moyo hautaki kulisikia. Mara 85 katika 100 maana yake kuna mara 15 utaaibika. Huo ndio mchezo wenyewe, wala hujarogwa.

AROBAINI NA SABINI

Jumamosi ile shemeji alipata ree mbili. Tulikuwa sita mezani. Yeye alikuwa na karanga 110, mkewe alikuwa amebakiwa na 40 tu. Shemeji akaongeza dau kwa nguvu, sisi wanne tukakimbia. Mkewe akatazama karata zake, akasukuma karanga zote 40 katikati. Shemeji akafuata haraka, wakafunua. Mke alikuwa na 8 na 8.

Kwa hesabu, shemeji alikuwa anashinda mara 4 katika kila mara 5. Mezani zikaja K, 5 na 2. Ikaja J. Ya mwisho ikawa 8.

Jirani mmoja alipiga kelele mpaka mbwa wa nyumba ya pili akabweka. Shemeji alitabasamu, lile tabasamu la midomo tu. Mzunguko uliofuata akaingia na 9 na 4. Akapoteza. Akaingia na J na 3. Akapoteza. Wa tatu akasukuma zote zilizobaki akiwa na Q na 7, mbele ya mtu aliyekuwa ametulia kama maji ya mtungi. Kwisha habari.

Akasema, "Leo nina mkosi."

Mkewe hakucheka. Akasema polepole, "Baba watoto, arobaini zimechukuliwa na karata. Sabini umezigawa mwenyewe."

Kibaraza kizima kikanyamaza, kwa sababu wengine pale tulijua kwamba hazungumzii karanga.

Msimu uliopita shemeji alikodi ekari 10 upande wa Kongwa akapanda mahindi matupu kwa akiba yao ya miaka 3. Mvua ilianza vizuri. Februari ikakata kabla mahindi hayajashika punje, akavuna magunia 4. Sasa alikuwa na mpango mpya: akope, apande ekari 20, arudishe hela yote kwa mpigo. Dhamana ya mkopo ingekuwa kiwanja chao pekee. Rafiki yangu alikuwa amenipigia simu wiki mbili kabla akiwa analia. "Sijui nimwambieje," alisema. "Nikimkataza ataona simwamini."

WAINGEREZA NA KARANGA ZAO

Jumapili tukaenda Kongwa, sisi watatu. Ni kama kilomita 90 hivi, unashika barabara ya Morogoro halafu unakatia Mbande. Shemeji alitaka kunionyesha mashamba. Mimi nilitaka kuona mahali ambapo serikali nzima ilicheza kama yeye alivyocheza ile mizunguko mitatu ya mwisho.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu watatu walizunguka Tanganyika kwa wiki chache, wakarudi na ndoto: zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, kwa pauni milioni 25. Mwaka 1947 kazi ikaanzia Kongwa. Zikaletwa trekta za mitumba. Mizizi ya pori ikazivunja. Kiangazi udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikakwama ardhini. Mvua nayo ikafanya kama kawaida yake. Maeneo ya Urambo na Nachingwea nayo yalikuwemo kwenye mpango, na hayakuuokoa. Januari 1951 mpango ukafutwa, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Leo Kongwa utaona ranchi, ng'ombe na nyasi. Ardhi ile ile, ila imepewa mchezo unaoifaa.

Je, ilikuwa bahati mbaya? Ukame ndiyo, tuuite bahati. Lakini ugumu wa udongo na mvua ya kubabaisha havikuwa siri. Mgogo yeyote angewaambia, na pengine kwa kikombe cha chai tu. Waliweka dau la ree mbili juu ya karata ambazo hawakuzifunua vizuri. Na walipoona zimeharibika, waliendelea kuongeza.

Shemeji alisimama pembeni ya barabara muda mrefu, upepo unampiga vumbi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ni Mwingereza?" Tukacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwenyeji wangu akicheka tangu nifike.

WENYE UWANDA WANACHEZAJE?

Wagogo wameishi na mchezo huu kwa vizazi. Salamu yao ni "mbukwa", na ukiijibu vizuri utakaribishwa ugali wa uwele na mlenda. Angalia wanavyopanga mambo yao. Mtama na uwele ndiyo tegemeo, kwa sababu hauna ubishoo wa mahindi. Jua likiwaka unavumilia. Na ng'ombe wa mtu mmoja kwa desturi hawakai zizi moja. Wengine wako kwa mjomba, wengine kwa rafiki kijiji cha mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule kubaki kitu. Ni mtu anayejua kwamba hata mwenye jozi nzuri hupigwa, kwa hiyo haweki zote mezani.

Na hawasemi kila hasara ni bahati. Njaa kubwa ya uwanda huu, iliyoitwa Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilikuja mvua zilipokosekana, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Wanahistoria wanakadiria watu 30,000 hivi walikufa, kati ya Wagogo wapatao 150,000. Kuna hasara ya mbingu na kuna hasara ya mkono wa mtu. Ukizichanganya hutajua nini cha kurekebisha.

UKIPIGWA, FANYA HIVI

Jioni ile, njiani kurudi, tuliandika haya nyuma ya bahasha. Yanafaa kwa karata, kwa shamba, na kwa wewe uliyeachwa na mtu uliyemtendea mema yote.

1. Tenganisha arobaini na sabini. Jiulize: kama ningerudishwa pale, na ninayojua wakati ule, ningeamua vilevile? Kama ndiyo, hiyo ni bahati. Iache ipite. Kama hapana, hapo pana somo.

2. Mori ukipanda, simama. Nenda kachemshe chai kweli. Uamuzi wa kurudisha hasara haraka ndio unaozaa hasara ya pili, na ya pili huwa kubwa.

3. Usijisifu kwa ushindi wa bahati. Aliyeingia na Q na 7 akashinda amefundishwa uongo, na ada atailipa baadaye.

4. Weka dau ambalo ukilipoteza bado utakuwa na pa kulala. Hata ukiwa na ree mbili. Hasa ukiwa na ree mbili, kwa sababu ndipo mtu anaposahau.

5. Kwa wanandoa: mwenzako akipoteza, muulize kwanza alivyoamua, ndipo uulize alichopata. "Ulifikiria nini?" kwa sauti ya upole ni swali. Kwa sauti ya ukali ni hukumu. Na mwenye kupoteza, usimwite mkeo mkosi. Yule wa 8 na 8 hakukosea kitu; akiwa na karanga 40 tu na jozi mkononi, kusukuma zote ulikuwa uamuzi mzuri. Wote wawili walicheza sawa, na mmoja ilikuwa lazima akose.

Nilipoondoka Jumatatu, mkopo ulikuwa umeahirishwa. Mpango mpya ni ekari 6 tu kwa hela waliyo nayo mkononi: 3 za mtama, 2 za alizeti, 1 ya mahindi "ya kujifariji", kama alivyosema shemeji mwenyewe. Kiwanja kimebaki chao. Rafiki yangu alinisindikiza kituoni akaniambia, "Hata mvua ikigoma, safari hii sitamlaumu. Tumekaa tukaamua wote."

Wakati naandika haya, mvua bado. Mawingu yanakuja mchana, yanajikusanya juu ya Mlima Simba, halafu yanaondoka. Inawezekana mtama usiote vizuri. Uamuzi utabaki kuwa mzuri.

Nawe ukienda, panga siku tatu. Kula kuku, onja zabibu, panda mlima asubuhi kabla jua halijakali, na tenga nusu siku ya Kongwa. Ukienda Juni au Julai beba sweta, usiku kuna baridi ya kweli. Pakti ya karata beba kutoka nyumbani. Karanga utanunua hukohuko, na safari hii zinaota.